Waya Wangu na Shemeji Hamadi

Siku yangu ya kwanza kazini Mkuu wa Mitambo alinikabidhi ufunguo wa chumba cha mitambo, Chake Chake, akaniambia humu haingii kikombe cha chai wala vumbi. Nami nilikuwa nimetoka kijijini Ole kwa baiskeli, vumbi tele. Akanipa kitambaa, nikajifuta kwanza.

Kampuni za intaneti kisiwani Pemba zilikuwa mbili, yetu na nyingine, na minara yetu ilisimama kilima kimoja, tukionana madirishani. Lakini mteja wetu wa Wesha akimpelekea picha mteja wao wa Gando, picha ilikwenda mpaka Ulaya ndipo irudi Pemba, kwa kuwa mitambo yetu haikuungana. Ati majirani!

Fundi wao alikuwa Hamadi, kaka wa mke wangu. Tukakubaliana kwa mdomo, tukavuta waya baina ya ruta zetu, yaani zile mashine zinazoyaonyesha mawasiliano njia ya kupita. Yaendayo kwa wateja wao wapokee wao, yajayo kwa wateja wetu tupokee sisi, asimlipe mtu mwenzake. Madaktari wa Chake na Wete wakawa wanapelekeana picha za eksirei papo hapo.

Bosi wangu, tuliyemwita Bi Meneja, akaniambia, "Liandikeni hili."

"Bi Meneja, yule shemeji yangu. Na vyama vyetu vya siasa ni mbalimbali. Nikimtolea karatasi ataona simwamini."

"Mbona dada yake ulimuoa mbele ya mashahidi?"

Nilicheka, nikapuuza. Miaka ile ya vyama vingi watu walisusiana hata mazikoni, na mimi niliogopa kumpoteza Hamadi.

Basi kwao akaja meneja mpya. Akakuta waya asioujua, hauna karatasi, akauchomoa. Hamadi akasimamishwa kazi, ati amegawa njia ya kampuni. Mke wangu alinipakulia wali wiki nzima bila kunisemesha, na haki alikuwa nayo.

Bi Meneja hakunisimanga. Alichukua rekodi za mitambo, akanipakia garini, tukaenda kwa meneja yule. Akamwonyesha kuwa yaliyopita kwenye waya yalikaribia kulingana pande zote mbili.

"Fundi wako hakuiba kitu," akamwambia. "Aliyekataa kuandika ni huyu wangu."

Nikakiri kosa langu. Baada ya hapo mkataba ukaandikwa: nani atautunza waya, ukikatika apigiwe simu nani, na anayetaka kuuchomoa atoe notisi ya miezi mitatu. Hamadi akarudishwa kazini, akatia saini ya shahidi.

Mimi nikahamishiwa Wete, nikarudi Chake. Mameneja walikuja wakaondoka pande zote, na kila mgeni aliyeuliza habari za waya alipewa karatasi asome. Namshukuru Mungu, na Bi Meneja namwombea dua kila Ijumaa.

Siku niliyoagwa kustaafu, Hamadi alisimama na ule mkataba mkononi, akakisoma kifungu cha notisi mbele ya wageni, polepole, kama karani wa mahakama. Kisha akanigeukia.

"Sasa shemeji, mbona wewe unajichomoa leo, na mimi hukunipa hata wiki?"

Watu wakacheka. Mimi na yeye tukalia.