Damari wa Ipogolo, Anayesimulia Vita kwa Jiwe la Kusagia

Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Iringa bado inauma masikio, na Damari Kalinga amekwisha kupiga magoti. Mbele yake kuna jiwe kubwa lililoinama, mkononi ana jiwe dogo, na katikati kuna kimea cha ulezi. Anasukuma, anavuta, anasukuma tena. Mabega yake ni mapana, na hayakupatikana kwa kulala.

Leo ni Alhamisi, na Alhamisi hii si ya mchezo. Kesho asubuhi daftari la Mwalimu Eliezeri linapanda basi kwenda Mbeya, kwenye ofisi inayokusanya masimulizi ya kale kwa ajili ya kitabu cha shule. Ndani ya daftari hilo mna utenzi wa vita vya Mgulila, ule ambao wazee wa Kihehe hapa Ipogolo huusimulia baada ya mavuno. Lakini mna nusu yake tu, nusu ya wanaume. Nusu ya pili anayo Damari, na isipoandikwa leo, watoto watasoma kitabu kizima bila kujua Segulila, dada yake Mgulila, alifanya nini.

"Nikifa mimi, na yeye amekufa," anasema Damari bila kusimamisha mkono. "Binti zangu hawaujui. Wanapeleka mahindi mashine, wanarudi wanaimba nyimbo za gramafoni."

Mashine ya kusaga ipo mjini kwa Bwana Ramesh, na Damari hana ugomvi nayo. Mahindi, sawa, yaende. Lakini wapika pombe wanataka kimea cha chengachenga, na mashine inakilainisha mno. Kwa hiyo kazi ipo. Kwa debe moja hupata shilingi moja na nusu, na kwa fedha hiyo amekaa mjane miaka minane bila kupiga hodi kwa mtu.

Alizaliwa Idodi, miaka hamsini na kitu iliyopita. Alipokuwa msichana, bibi yake alimpigisha magoti kwenye jiwe na kumfundisha mambo mawili kwa mpigo mmoja, kusaga na kusimulia. Ukisukuma unasema nusu ya mstari, ukivuta unamalizia. Ukikosea maneno, unga nao unatoka vibaya.

Wanaume hawakuwahi kuyasikia maneno hayo. Kwa desturi ya huku mwanamume hakai mahali wanawake wanaposaga, atachekwa hadi Tosamaganga. Wao wana utenzi wao wa kilabuni, na bingwa wao ni Mzee Kalinga, kaka wa marehemu mume wa Damari. Huyo husimama na mkuki mkononi, kifua mbele, akasimulia jinsi Mgulila alivyolinda lango la boma siku sita, adui wamejaa bonde zima. Dada yake Mgulila, yule Segulila, anatajwa mara moja tu. Amesimama langoni, analia. Hapo wanawake wasikilizaji nao hutakiwa kulia kidogo, kisha vita vinaendelea.

"Kulia!" Damari anacheka kwa hasira. "Siku sita zote mtu analia tu? Hana kazi?"

Mwalimu Eliezeri aliposikia kuna nusu nyingine, alifurahi kama mtoto. Wiki iliyopita alimwita Damari shuleni. Akampa kiti, tena kiti chake mwenyewe, akamketisha mbele ya darasa, akachonga penseli. Mzee Kalinga naye alikuwepo, amealikwa kusikiliza.

Damari akafungua kinywa. Akakohoa, akajaribu tena. Hata jina la boma halikuja.

"Ah, nilikuambia, Mwalimu," Mzee Kalinga akasema, akicheka. "Hizo ni hadithi za jikoni. Hazina kichwa wala miguu."

Damari hafichi yaliyofuata. "Nililia, bwana. Nililia njia nzima, nimejifunika khanga usoni. Nikasema, basi, uzee umenipokonya maneno. Bibi yangu nimemwaibisha."

Alipofika nyumbani alikuta kimea cha watu kinamngoja. Akapiga magoti, akajifuta machozi kwa mkono wenye unga, akasukuma jiwe. Na mstari wa kwanza ukatoka wenyewe! Wa pili ukafuata. Alisaga debe zima akisimulia peke yake, mpaka mbuzi wakamshangaa. Ndipo alipoelewa kwamba hakuwahi hata siku moja kuyasema maneno yale akiwa ameketi. Mikono ndiyo inayoyajua.

Akamtumia Mwalimu salamu. Akitaka utenzi, aje jikoni.

Na leo amekuja. "Kamwene, mama," anasalimu, anainama mlangoni, anaingia. Mwalimu mzima mwenye suruali iliyopigwa pasi, anakaa chini kwenye vumbi la unga na kuweka daftari juu ya magoti. Majirani wawili wanachungulia na kuziba vinywa wasicheke. Mzee Kalinga naye amefika, kulinda utenzi usiharibiwe, anasema. Lakini kuingia haingii. Anasimama nje ya kizingiti, amewapa mgongo.

Damari anaanza. Kwa Kihehe, sauti ya chini, jiwe likienda na kurudi. Anasimulia jinsi Mgulila alivyosimama langoni na vijana ishirini. Siku ya tatu ghala la boma likawa tupu, na adui hawana haja ya kupigana tena, wanakaa tu bondeni kungoja njaa imalize kazi. Segulila akaenda langoni kumwona kaka yake.

"Kaka, wewe kazi yako ni nini?"

"Kusimama hapa mpaka nianguke."

"Na mimi yangu ni kusaga. Basi kila mtu akashike yake."

"Utasaga nini, dada? Hakuna hata punje."

Hapo Damari anasimamisha jiwe. Anakusanya kimea chote cha mteja, anakiweka kwenye ungo pembeni. Anapangusa jiwe kwa kiganja mpaka linabaki tupu. Kisha anashika jiwe dogo kwa mikono miwili na kusukuma kwa nguvu zake zote.

Loo! Jiwe juu ya jiwe, bila unga katikati, ni kelele inayoingia kwenye meno. Inanguruma, inakwaruza, ukuta unatetemeka. Baada ya hapa atalazimika kulichonga upya jiwe lake, kazi ya siku nzima, lakini hajali. Anapaza sauti juu ya ngurumo hiyo. Wanawake mia wa Segulila walisaga mawe matupu usiku na mchana, siku tatu, mikono inatoka damu. Adui bondeni wakasikia. Wakaambiana, hawa wana chakula cha mwaka mzima, sisi tutakufa hapa. Siku ya sita wakafunga mizigo, wakaondoka.

Penseli ya Mwalimu imesimama. Mzee Kalinga amegeuka, anatazama ndani.

"Shemeji," anasema polepole. "Kwetu sisi tunasema adui walisikia ngurumo, wakakimbia. Ngurumo ya kifua cha Mgulila. Miaka arobaini nasema hivyo, tena vita vyenyewe ni vya kiangazi, wakati mbingu hazingurumi. Sikujiuliza ngurumo hiyo ilitoka wapi."

"Ilitoka jikoni, shemeji."

"Kwa hiyo Mgulila hakuwa shujaa?"

"Ah, wapi! Alikuwa. Angefia pale langoni, wala asingerudi nyuma hatua moja. Mimi simnyang'anyi mtu mkuki wake. Nasema tu hakuwa peke yake."

Mzee Kalinga anavua kofia. Anavuka kizingiti, anachuchumaa karibu na mlango, magoti yakilia. "Mwalimu, andika," anasema. "Andika yote, na ile habari ya kulia langoni uifute."

Mpaka saa nne kurasa kumi na moja zimejaa. Damari hajui kusoma. Anainamia daftari, anauliza, "Jina lake lipo?"

"Lipo, mama. Hili hapa."

Damari anaweka kidole chenye unga juu ya neno hilo, anakiacha hapo kwa muda. Machozi yanamtoka, na safari hii hajifuniki.

Kitabu kitakuja kikija. Mpango wake yeye ni wa karibu zaidi. Mavuno yakiisha, mwezi wa saba, anataka kusimulia uwanjani mbele ya watu wote. Mzee Kalinga aanze na mkuki wake, afike siku ya tatu, anyamaze, na yeye apige magoti.

"Na jiwe?" Mwalimu anauliza. "Litafikaje uwanjani?"

Ni swali, kweli. Jiwe la kusagia hubebwa na wanawake, na hili ni zito. Mzee Kalinga anaikunja kofia yake, anaikunjua.

"Nitalibeba mimi," anasema. "Mchana kweupe. Anayetaka kucheka, acheke."