Zabibu Mojamoja

Siku baba yangu alipozikwa, mimi nilikuwa Texas nikichuma zabibu za mtu mwingine. Nalisema jambo hili mapema nisije nikalizunguka, maana nimelizunguka miaka saba na halikupungua uzito.

Mwenye zabibu alikuwa Mgiriki, mgane wa miaka themanini na ushei, aliyeishi peke yake kwenye kipande cha shamba magharibi mwa Fort Worth. Mimi nilikuwa nikimtunza mchana: kumwogesha, kumpikia, kumpa dawa kwa wakati. Nilikuwa nikiendesha gari kila asubuhi kutoka Arlington, karibu saa nzima barabarani. Nilimwita Mzee, na alipojua maana yake alilipenda neno lenyewe hata akawa anajitambulisha hivyo kwenye simu, kwa watu ambao hawakuwa na habari anasema nini.

Nyuma ya nyumba alikuwa na mistari minane ya mizabibu. Majirani zake walivuna Agosti. Mizabibu yake ilikuwa ya aina nyeusi inayochelewa, na juu ya kuchelewa huko yeye aliongeza ukaidi: kijijini kwao hawakuvuna kabla ya sikukuu ya Msalaba, katikati ya Septemba, na Texas ingefuata ipende isipende. Kila asubuhi nilimsindikiza na mkongojo wake hadi kwenye mistari. Alichuma punje moja, akaitafuna, akatemea mbegu kiganjani, kisha akaing'ata hiyo mbegu. Ikiwa bado laini na ya kijani, alitikisa kichwa tukarudi ndani. Ndege walikula karibu nusu ya matunda huku yeye akitikisa kichwa. Sikumlaumu. Baba yangu alikuwa hivyohivyo kwa kahawa.

Nimekulia kwenye mibuni, Embu. Baba alitufundisha kuchuma kabla hatujajua kusoma. Nyekundu tu, mojamoja, kwa ncha za vidole. Ya kijani iache, ina siku yake. Jioni alimimina kikapu cha kila mtoto juu ya gunia na kuchambua mbele yetu sote, na aliyekutwa na za kijani alikiona cha mtema kuni. Mimi nilikionja mara mbili. Baada ya hapo vidole vyangu havikukosea tena.

Mwaka ule Baba alikuwa anaugua figo, na makaratasi yangu ya kukaa Marekani yalikuwa bado mezani kwa watu nisiowajua. Nikitoka, sitarudi. Rafiki yangu niliyeishi naye, nesi kutoka Nakuru, alinipasulia wazi: "Usijaribu ku-travel. Lawyer alisemaje? Ukitoka saa hii, hiyo case imeisha, na ukiwa huko hutaweza kumsaidia na chochote." Nilijua ni kweli. Nilimchukia kidogo kwa kusema kweli.

Jumanne moja ya Septemba kaka yangu alipiga simu. "Dada, Baba ametuacha. Tunamzika Jumamosi. Utaweza kuja?"

Nilisema sitaweza. Akasema, "Sawa." Sawa hiyo ilinikaa rohoni kama mwiba wa samaki. Nilisikia ndani yake kila kitu ambacho hakusema: kwamba nimechagua makaratasi nikamwacha baba yangu. Tangu siku hiyo, kila nilipopiga nyumbani na mtu akaanza, "Baba alipokuwa karibu kufa…", nilisema kadi ya simu inaisha, nikakata. Mara nyingi kadi ilikuwa imejaa.

Watu wa kanisa letu walipanga kuja kukaa nami Jumamosi, na chai na mandazi na nyimbo. Wana roho nzuri, Mungu awabariki, lakini nilijua mmoja wao angeniuliza kwa nini sikwenda. Niliwaambia niko kazini. Haikuwa zamu yangu. Ila Mzee alikuwa ameng'ata mbegu Alhamisi, ikalia kama karanga, akaamua kuvuna Jumamosi hiyohiyo. Nikaenda kwake. Sikumwambia lolote.

Binti yake alikuwa amekuja kutoka Sugar Land, karibu na Houston, na mumewe na watoto. Walinipa mkasi na ndoo, wakanionyesha mstari wa mwisho. Hakuna aliyenieleza zaidi, nami sikuuliza. Mtu aliyekulia shambani atafundishwaje kuchuma?

Mazoea yana taabu. Sijui niliuweka chini ule mkasi saa ngapi. Vidole vilianza vyenyewe, punje mojamoja kutoka kwenye kichala, zilizoiva tu. Zilizokuwa bado na wekundu niliziacha, maana niliona hata hapo kwamba huku wekundu ndio ubichi. Sikuwa nafikiri kitu. Saa tatu asubuhi nilitazama saa yangu nikapiga hesabu: nyumbani ni saa kumi na moja jioni. Wameshamfukia. Wameshaweka maua, na watu wanakula. Nikaendelea kuchuma.

"Unafanya nini wewe?"

Alikuwa binti wa Mzee. Nilipogeuka niliona wenzangu wameshaingia mstari wa pili, kreti zao zimejaa vichala vizima. Nyuma yangu vichala vilining'inia vikiwa vimenyonyolewa nusu, na maji ya zabibu yalikuwa yananichuruzika hadi kwenye viwiko. Zabibu si buni, ukiinyofoa inachanika. Nyuki walikuwa wamejaa. Watoto walicheka, na mmoja akapiga kelele kwamba nimeharibu mstari mzima wa Babu.

Mzee alikuja polepole na mkongojo wake. Alitazama vichala, akatazama ndoo, akaingiza mkono na kuzigeuza punje. Hakukuwa na mbichi hata moja.

"Nani alikufundisha kuchuma hivi?"

"Baba yangu. Kwetu ni kahawa."

"Yuko wapi?"

"Wamemzika leo," nikasema. "Saa hizi wameshamaliza."

Alivua kofia. Akawaambia wote waweke mikasi chini, nao wakaweka, hata watoto. Alifanya ishara ya msalaba, jua likimpiga kwenye upara. Kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Siku waliyomzika mama yangu nilikuwa Houston, naosha sahani hotelini. Sikumwambia mtu. Niliosha mpaka zamu ikaisha." Akavaa kofia yake. "Malizia mstari huu. Hivyohivyo ulivyoanza."

Nikaumaliza. Hakuna aliyecheka tena.

Mchana alisema ndoo yangu isichanganywe na nyingine. Tutengeneze divai kidogo, na siku ya arobaini tuimwage ardhini kwa jina la Baba, ndivyo wafanyavyo kwao. Nilimshukuru, nikamweleza kwamba baba yangu alikuwa mzee wa kanisa ambaye hakuwahi kuonja pombe, na mkimmwagia divai atafufuka kabla ya wakati aje anikemee. Mzee alifikiri. Halafu akamtuma binti yake alete sufuria kubwa.

Tulizikamua kwa mikono, tukachuja kwa kitambaa. Alitia majivu ya kuni ndani ya kitambaa kingine, akakifunga, akakitumbukiza kwenye maji yale ili yatakate. Mimi nilifikiri uzee umemzidi, lakini yalitakata. Tukayachemsha mpaka usiku, yeye kwenye kiti, mimi na mwiko. Yalipungua na kupungua mpaka yakawa meusi na mazito kama asali. Ndoo nzima iliishia chupa moja ndogo.

"Hii haichachi," akasema. "Itakaa hata miaka. Mpelekee."

Mwaka uliofuata binti yake alimhamishia Sugar Land, na shamba likauzwa. Alifia huko. Niliendesha gari hadi Houston kumzika, na nilipokuwa nimesimama kaburini nilitambua kwamba huyu mgeni nimemzika, na baba yangu sijamzika. Sikulia. Tangu ile simu ya Jumanne sikuwa nimelia hata mara moja.

Makaratasi yalitoka mwaka wa saba. Nikaifunga chupa ndani ya leso mbili, nikaenda nyumbani.

Kaburi la Baba liko mwisho wa shamba, pembeni ya mibuni. Mama alikwenda nami, amenishika bega kwa sababu ya magoti yake. Nilifungua chupa, nikainama nimwage. Mama akanizuia mkono.

"Ni nini hicho?"

"Ni zabibu. Nilizichuma siku mliyomzika. Nilizichuma kama alivyonifundisha."

Akatia kidole, akalamba. Kisha akasema, "Kaka yako alitaka kukuita mapema, Baba yako akiwa bado anaongea. Baba yako alimkataza. Alisema, mwacheni huko. Mkimtoa sasa mtakuwa mmechuma ya kijani. Ana siku yake, atakuja."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambia lini? Kila tukianza, kadi yako inaisha."

Nilikaa pale pale kwenye udongo na nguo zangu za safari, nikalia kwa sauti kama mtoto. Miaka saba nilikuwa nimebeba lawama ambayo Baba hakunipa. Alikuwa ameniachia ruhusa yake kwa mdomo wake mwenyewe, na mimi niliikatia simu.

Mama aliniacha nilie mpaka nikachoka. Ndipo akaitwaa chupa mkononi mwangu na kuifunga kizibo.

"Baba yako hakupenda chakula kimwagwe chini," akasema. "Inuka. Uji uko jikoni."

Tuliinywa na uji, Mama, kaka yangu na mimi. Ilipoisha, kaka yangu alisuuza chupa kwa maji ya moto ili kisibaki kitu ndani, akanimiminia mimi.