Kibuyu cha Mama Kilibaki Ukutani

Ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni asubuhi ile baba aliponiuliza, "Shikamoo nani?"

Nilikuwa nimeamka, nimepita jikoni, nimemwamkia mwanamke aliyekuwa anakoka moto. "Shikamoo," nikasema, nikaishia hapo. Hapa kwetu Sepuka mtoto hapiti bila kumwamkia mtu mzima, hata awe amemchukia namna gani, na mimi nilikuwa nimefundishwa. Lakini watoto wenzangu walisema "shikamoo mama", na lile neno la pili mimi nililimeza makusudi. Nililimeza kila asubuhi. Mwanamke yule aliitika "marahaba mwanangu" kana kwamba hajaona kilichopungua. Siku hiyo baba alisikia, akaingia na fimbo yake ya kuchungia.

"Shikamoo nani? Malizia!"

Nikalimeza tena. Akainua fimbo. Yule mwanamke akaacha kupuliza moto, akasimama katikati yetu, macho yanamtoka machozi ya moshi.

"Baba Eliza, mwache," akasema. "Ukimchapa atasema. Atasema leo na kesho, lakini hatanipenda mpaka nazeeka. Mimi sikuja hapa kuitwa. Nenda ukafungue ng'ombe."

Baba akaenda kufungua ng'ombe. Nilishangaa kuliko kama ningechapwa, maana baba yetu hakuwa mtu wa kuambiwa.

Mwanamke huyo ndiye bibi yako Tabitha. Wewe ulimjua akiwa mzee wa karanga za kukaanga, anazifungua kwenye pindo la kanga na kuwagawia. Unajua hakutuzaa mimi na baba yako Yona, lakini nadhani mlielezwa juu juu tu, maana kwa Yona hakukuwa na cha kusimulia. Leo nakusimulia mimi. Nitamtaja Tabitha tu, kama nilivyomtaja moyoni wakati ule. Atanisamehe, alishanisamehe makubwa zaidi.

Nakusimulia kwa sababu wiki iliyopita ulishuka kwenye bodaboda mlangoni kwangu, vumbi mpaka kwenye kope, ukaingia jikoni ukalia kabla hata hujaketi. Umeolewa Singida Mjini na mwanamume mwema aliyefiwa na mkewe, na binti yake anakuita "anti". Umempikia, umemsuka, umemnunulia viatu vya shule, na bado ni anti. Ukaniuliza, "Shangazi, hivi inachukua muda gani?" Ukasema umeuliza hata kwenye simu, ikakupa majibu ya kila aina. Simu yangu mimi ni ya tochi, haijui mambo hayo. Ila ulisema na jambo jingine huku unajifuta kamasi: kwamba siku ulipoingia, mumeo aliiondoa picha ya marehemu sebuleni, na wewe ukashukuru moyoni. Hilo tutalirudia.

Mama aliyenizaa alipofariki, baba yako alikuwa bado wa kubebwa mgongoni, na mimi nilikuwa na akili zangu. Kitu chake kilichobaki machoni pangu kilikuwa kibuyu cha maziwa, kinaning'inia ukutani jikoni, shingo yake imeng'aa kwa kushikwa na mikono yake. Ninyi watu wa friji hamjui, lakini maziwa ya mgando yalikuwa yanagandishwa kwenye kibuyu, na mwanamke alijulikana kwa kibuyu chake. Maziwa ya mama yalisifiwa mpaka kwa watu ambao hawakuwahi kuyaonja.

Tabitha alipoletwa, nikawa nakilinda kile kibuyu kwa macho. Nilijua atakishusha. Na kweli, siku ya kwanza aliinua mkono, halafu akaniona nimesimama mlangoni.

"Cha nani hiki?"

"Cha mama."

Akarudisha mkono. Akachukua sufuria akamimina maziwa humo. Tangu siku hiyo tukawa tunakula ugali wa uwele na maziwa ya sufuria, mepesi, yenye majimaji. Baba alinung'unika. Majirani walicheka kwamba mke mpya ana kibuyu ukutani na anagandisha kwenye sufuria kama mtu wa hotelini. Baba akasema atamnunulia kingine mnadani yaishe.

"Usihangaike," akamwambia. "Mvua zikianza nitaotesha changu."

Watu walidhani ni ubahili. Mimi nimekuja kuelewa ukubwani. Cha kununua kingetundikwa pembeni ya kile cha mama siku hiyohiyo, na mimi ningekiona kama mgeni mwingine aliyeingia bila hodi. Cha kuotesha ningekiona kikikua.

Baba yako yeye hakuchukua muda wowote. Alipewa uji na kubebwa mgongoni, akaita "mama" kabla wiki haijaisha, kicheko mpaka masikioni. Nikamfinya paja kwa uchungu. Akalia, akamkimbilia Tabitha huyohuyo! Unamwona baba yako alivyo hata leo, mtu wa kumzoea kila mtu. Basi na binti yako wa kambo angekuwa mdogo vile, usingekuja kulia kwangu.

Siku moja natoka kuchota maji nikamkuta Tabitha amekishika kibuyu cha mama. Niliitupa ndoo. Nilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani wakaitikia, nikamnyang'anya. Hakunikemea. Alinionyesha unga mwembamba uliomwangukia kwenye kanga.

"Wadudu wameanza kukitoboa," akasema. "Kibuyu kisichotumika hakidumu. Kifukize wewe mwenyewe, mimi nitakuelekeza. Sitakigusa."

Akakaa mbali, kwenye kinu kilicholazwa, mikono mapajani, akawa ananielekeza kwa mdomo tu. Nioshe kwa maji ya moto. Nitie kijinga cha moto, nitikise, nimwage majivu, nirudie. Nikaungua vidole, akasema pole, hakuinuka. Tangu hapo, kila nilipoona kimekauka sana, nilikishusha nikakifukiza, na yeye alikuwa akiniwekea kijinga kizuri pembeni bila kuniambia kitu. Mwanangu, mimi nimelea, nimelelea na wengine, na sijawahi kuwa na moyo wa namna ile hata nusu yake.

Basi kabla ya mvua akaja bibi yetu wa Kinampanda, mama yake marehemu mama. Alikuwa bado na msiba wake mzito, na nani angemlaumu? Alikaa kwetu, akasikia shikamoo yangu isiyo na mama, akaona ninavyokula nimempa Tabitha mgongo. Akamwita baba nje. Nikasikia kila kitu.

"Huyu mtoto hajatulia hapa. Mavuno yakiisha nakuja kumchukua. Yona mbaki naye, yeye ameshazoea."

Baba akakubali. Sijui kama unaielewa hofu iliyonipata. Nilikuwa simtaki Tabitha, lakini nyumba ilikuwa yetu, na ukuta ule, na Yona niliyemfinya kila siku. Nilimpenda bibi, ila Kinampanda kwangu ilikuwa mbali kama mwezi.

Majirani wakamwambia Tabitha afanye haraka. Amchinjie mtoto kuku, amshonee gauni, ambembeleze aite mama kabla bibi yake hajarudi, maana mke anayekimbiwa na watoto hana jina zuri kijijini. Yeye akawasikiliza wote, akawashukuru wote, akaendelea na shughuli zake. Kuku tulikula siku za kuku.

Mvua ziliponyesha akafukia mbegu pembeni ya zizi, kwenye samadi. Mmea ukatambaa ukapanda ua wa minyaa. Nilikuwa napita hapo kila siku najidai sitazami. Ukatoa maua meupe, ukatoa vibuyu vidogo, vingine vikaoza, kimoja kikanona. Kilipokuwa kikubwa, kijani, kinang'aa, baba akaja na kisu. Alikuwa amechoka na maziwa ya sufuria.

"Kata tu," Tabitha akamwambia. "Kitasinyaa kiwe kama uso wa balozi wetu."

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa mzee mwenye makunyanzi ya ajabu. Nilicheka. Sikuwa nimecheka mbele yake hata mara moja, na kicheko kilinitoka kabla sijakizuia. Yeye hakunitazama. Alimnyang'anya baba kisu, akaenda kukatia mboga.

Kikaachwa hapo mpaka majani yakafa, mpaka kikonyo kikawa kama ukuni. Ndipo akakichuma, akakiweka juu jikoni moshi ukipitie. Tulivuna uwele, tukavuna alizeti, na kibuyu kiko palepale. Halafu akakifungua mdomo, akakijaza maji nyama ya ndani ioze, na jiko likanuka mpaka baba akahamia kula nje. Akamwaga, akakwangua, akatia changarawe. Hapo aliniita. Hakunilazimisha, aliuliza kama nina nafasi. Tukawa tunatikisa kwa zamu, anamimina maji kwenye kiganja, anaonja, anatema.

"Bado," anasema. "Kina uchungu."

Kesho yake tena. Mimi nikawa ndiye ninayemuuliza, "Bado?" na yeye ananipa nionje mwenyewe. Nikawa natema naye. Ungetupitia hapo ungedhani ni watu wawili wanaogombana na kibuyu. Siku maji yalipotoka matamu tulitazamana kama watu walioshinda kesi.

Maziwa ya kwanza yaliganda vizuri siku ileile bibi wa Kinampanda aliporudi. Alikuja na mfuko mtupu wa kutilia nguo zangu. Tabitha akamkaribisha, akampa shikamoo kwa magoti, akammiminia maziwa. Bibi akanywa, akatazama ukutani akaviona vibuyu viwili, akaitambua kazi ya mwanawe. Kisha akaniita.

"Eliza, huyu ni nani kwako?"

Nikatazama chini.

"Mama," Tabitha akamwambia bibi kwa upole, "msimuulize mbele yangu. Atashindwa kusema kweli."

Bibi akatikisa kichwa, akaniambia nikalete nguo zangu. Nikazileta. Baba alikuwa mlangoni, anachokonoa udongo kwa ile fimbo. Yona akaanza kulia kwa sababu aliona mfuko. Ndipo Tabitha akainuka, akaenda ukutani, na kwa mara ya kwanza mbele ya macho yangu tangu siku ya wadudu akakishusha kibuyu cha mama. Alikifuta kwa kanga yake, shingo mpaka tako, akanipa kwa mikono miwili.

"Nenda na cha mama yako," akasema. "Usikiache kikae bila kufukizwa. Unajua namna."

Nikakishika. Kilikuwa kinanukia moshi mpya. Alikuwa anakifukiza usiku mimi nimelala, siku zote nilizosahau.

"Mama," nikasema, "kirudishe ukutani. Siendi."

Sikulipanga. Lilitoka kama kile kicheko. Bibi akanitazama, akamtazama yeye, akauweka mfuko chini. "Haya," akasema huku machozi yanamshuka, "basi niongezeeni maziwa."

Na mama je? Hakunikumbatia. Alikitundika kibuyu mahali pake, akaugeukia moto uliokuwa unawaka vizuri tu, akaanza kuupuliza. Aliupuliza kwa muda mrefu. Kisha, bila kugeuka, akanituma kuni. Kesho yake nilipomwambia "shikamoo mama", aliitika "marahaba mwanangu" kwa sauti ileile ya siku zote, na hapo ndipo nilipojua kwamba asubuhi zote zile alikuwa ananiitikia kwa moyo mzima.

Sasa unisikilize, mwanangu. Umeniuliza muda. Yona alichukua siku chache, mimi nilichukua msimu mzima wa kilimo, na wote wawili tulimzika mama kwa kilio kimoja. Wa kwako sijui atachukua muda gani, na mumeo hajui, na simu haijui. Usimpe binti siku ya mwisho. Usimwache baba yake amlazimishe. Akikuita anti, mwitikie kwa moyo kama umeitwa jina zuri kuliko yote. Na ile picha, rudi nyumbani umwambie mumeo aitoe alikoificha. Mwombe binti aseme itundikwe wapi, mpe msumari aupigilie yeye, na vumbi likiipanda mpe kitambaa aifute. Nafasi ya mama yake usiiombe. Yako itaota pembeni, mbele ya macho yake.

Na siku atakapokuita, usipige vigelegele, usimpigie mumeo simu binti akisikia. Geuka upulize moto. Najua huna moto, una jiko la gesi. Basi geuka uoshe kikombe kilicho safi. Ukitulia, mtume kitu kidogo.

Maziwa uliyokunywa hapa juzi ukaomba ya pili, yalitoka kwenye kibuyu kile alichokiotesha. Cha pembeni yake unakiona kila ukija. Mungu aliyempa mama moyo ule akugawie na wewe, mwanangu. Nyumba yako isikose kicheko, na marehemu yule alale pema akijua mtoto wake ana mtu wa kumwitikia asubuhi.