Injini Haizai Oili

Siku dereva alipomwona kwa mara ya kwanza yule fundi wa pampu ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi, aliona miguu tu. Mwili wote ulikuwa chini ya trekta, na sauti kutoka huko ilikuwa ikimsema fundi fulani aliyepaka gundi mahali palipotaka mpira.

Dereva akasubiri. Kusubiri alikuweza, kusema ndiko kulikomshinda. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye mke na watoto watatu, lakini mbele ya watu ulimi wake uligeuka jiwe.

Shangazi alipotoka, kitambaa cheupe begani, dereva alimweleza kwa vipande vipande. Lori kuukuu aliloendesha, la kubebea mbao, lilikuwa likimaliza dizeli kama lina njaa, na chini halikudondosha hata tone. Tajiri wake alikuwa amemwita mwizi uwanjani, mbele ya wapakiaji wote. Alimpa hadi Jumamosi: arudishe dizeli aliyoiuza au atafute kazi kwingine. Mafundi watatu walichungulia, wakasema pampu ya dizeli ni kavu, haivuji, kisha wakatazamana na kutabasamu.

Shangazi hakuigusa pampu. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akauliza mara ya mwisho kuongeza oili ilikuwa lini.

Dereva akajibu, kwa fahari kidogo, kwamba miezi miwili hajaongeza. Injini yake haikula oili kabisa. Kila asubuhi aliikuta imejaa, tena imepita alama. Hata nyumbani alijisifu.

Shangazi akamsogezea kijiti puani. Kilinuka dizeli.

"Injini haizai oili, Bwana Dereva," alisema. "Mpira wa kwenye shafti ya pampu umekufa. Dizeli inavujia ndani, inashukia kwenye oili. Watu wazima wanne, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza?"

Alikasirika kuliko mwenye shida, na alikuwa na sababu. Miaka kumi na moja alifagia chumba cha kutengenezea pampu katika gereji ya watu, macho yakijifunza huku mikono ikishika ufagio. Siku alipofungua pampu iliyowashinda mafundi wote na ikapona, sifa alipewa mwanamume aliyekuwa amesimama karibu. Aliacha ufagio pale pale mlangoni, akaenda kufungua kibanda chake.

Alifanya kazi bila haraka. Aliiosha pampu kabla ya kuilegeza, akakwaruza alama kwa msumari ili irudi pale pale ilipokuwa, akaifungua juu ya kitambaa cheupe. Mpira wa zamani ulikuwa mgumu kama kucha, umepasuka. Mpya aliupitisha juu ya kipande chembamba cha chupa ya plastiki alichokizungusha kwenye shafti, ili kingo za chuma zisiukate. Oili yote iliyoharibika akaimwaga koponi, akaweka mpya, akatoa hewa kwenye mfumo. Lori likawaka.

Tajiri alipokuja kulichukua, akaonyeshwa mpira na kopo la oili iliyonuka. Akasema basi, yaishe, na kunyoosha mkono apewe ufunguo.

Shangazi akautia ufunguo mfukoni. Akamuuliza alimwita mtu huyu mwizi wapi. Uwanjani, tajiri akajibu. Basi, akasema Shangazi, neno hilo likafutwe huko huko. Akampa dereva ufunguo, akapanda lori na ovaroli lake chafu, kopo magotini.

Wapakiaji wakakusanyika. Tajiri akakohoa, akasema kulikuwa na kutoelewana.

"Kutoelewana ni kwa watu wawili," Shangazi akamkatiza. "Hapa alisema mmoja."

Mpakiaji mmoja akacheka, akajifanya anapiga chafya. Tajiri akalisema neno lenyewe hatimaye, kwamba dereva hakuiba, lakini aliziambia mbao, si mtu. Dereva alikuwa akitazama viatu vyake. Shangazi akawatazama wote wawili kwa hasira ile ile.

Miaka saba lori lile lilikuwa likirudi kibandani kwake. Kisha vidole vyake vikaanza kukakamaa, spana zikawa zinamponyoka, na binti yake akamwita akaishi naye. Dereva ndiye aliyembeba, yeye na sanduku la vifaa. Njia nzima alitafuta namna ya kumshukuru kwa siku ile ya uwanjani. Walipofika getini bado alikuwa hajaipata, akabaki ameshika mlango wa lori.

Shangazi akatoa mfukoni ule mpira uliopasuka, alioutunza miaka yote ile, akamwekea kiganjani.

"Siku ile nilikusemea kwa sababu nilikuwepo," alisema. "Wakikuita mwizi tena, usinyamaze. Mimi nitakuwa mbali."