Nilisema Hakupita Kwangu

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi, mwaka wa pili wa embargo, hapa Gatete, kando ya ziwa, upande wa Rumonge, jirani yangu alikufa. Alikuwa na watoto wawili na hakuwa amefika miaka thelathini. Waliompiga risasi hawajajulikana mpaka leo. Lakini siku ile yalifanyika makosa mengine mawili, na mwenye kuyafanya anajulikana. Ni mimi.

Jina langu sitaliandika. La kwake nitalibadilisha, nitamwita Zena. Nilisoma mpaka mwaka wa sita tu, kwa hiyo mnivumilie.

Naandika sasa kwa sababu essence, yaani petroli, imekosekana tena. Watu wanashinda kwenye foleni za stesheni, mkaa umekuwa wa shida, na wanawake vijana wanakuja kwangu kuuliza tuliishije wakati ule. Wananiita fundi wa kujitegemea. Wakisema hivyo natazama chini, wanafikiri ni unyenyekevu.

Kwa wasioukumbuka ule wakati: nchi za jirani zilifunga mipaka, na humu ndani vita vilikuwa vinaendelea. Mazuti, yale mafuta ya mashine, hayakuja. Mashine ya kusaga muhogo pale sokoni ilinyamaza, tukarudi kwenye kinu. Mafuta ya taa yalikwisha. Kiberiti kikawa kitu cha kuhadithiwa. Kuni zilikuwa milimani, na milimani walikuwa wanapita watu wenye bunduki.

Mimi nilikuwa mjane tayari. Watoto wangu walikuwa ng'ambo ya ziwa, kwetu Fizi. Nikajiambia sitakufa kwa sababu ya kitu cha dukani. Nikalima muhogo, lengalenga na maharage mpaka kwenye ukuta wa nyumba. Nikafuga kuku. Taa yangu ilikuwa kopo lenye utambi wa pamba na mawese ndani. Sabuni nilitengeneza mwenyewe: nilichoma vikonyo vya michikichi, nikachuja maji ya majivu yake, nikayachemsha pamoja na mawese mpaka yakawa mazito. Ilikuwa sabuni nyeusi na laini, lakini ilitoa uchafu.

Na nilikuwa na chungu cha moto. Nililaza majivu chini, juu yake makaa ya maganda magumu ya mbegu za mchikichi, halafu majivu tena, nikafunika kwa sufuria mbovu. Maganda hayo yanashika moto polepole. Asubuhi nilifunua, nikapuliza, moto upo. Nyumba zote za karibu zilikuja kuomba. Ni desturi ya zamani hapa, mtu anakuja na kigae chake, unamwekea makaa mawili matatu, anakwenda kuwasha kwake. Moto hauuzwi na haunyimwi. Hilo nililijua vizuri kama mtu yeyote.

Zena alikuwa wa kwanza kufika kila siku.

"Amahoro, dada mukubwa. Moto uliamuka?"

"Uliamuka. Wewe ndio umechelewa."

"Nilikuwa nagombana na jogoo yako. Iko inaingia kwangu kama bwana mwenye nyumba."

Alikuwa anapenda kusema. Akitoka kwangu na makaa anasimama kwa huyu, anasimama kwa yule, anacheka, na akifika kwake kaa limekuwa jeusi. Anarudi tena.

"Dada, moto wako ni mwoga. Unazimika njiani."

"Si moto. Ni mudomo wako, hauna mulango."

Anacheka mpaka anashika mbavu. Nilimpenda. Niseme hilo, kwa sababu yanayofuata yatawafanya mfikiri nilimchukia.

Siku chache kabla ya ile Alhamisi, mwanamke mmoja aliniletea maneno kutoka ziwani, mahali pa kufulia. Alisema Zena amewachekesha watu kwa jina langu. Amesema: "Huyu dada yetu, angeweza, angefuga hata jua nyuma ya nyumba, tuwe tunaenda kumuomba mwanga." Watu wote walicheka.

Leo nikiyasikia maneno hayo nami nacheka kidogo. Yalikuwa kweli. Lakini wakati ule yaliniingia vibaya. Nilijitesa na kazi mikono ikapasuka, na sasa nimekuwa mchezo wa watu wanaokula moto wangu. Nikayaweka moyoni, sikumwambia kitu.

Alhamisi ile mvua ilikuwa imenyesha. Maganda yalikuwa na unyevu, na chungu kilikuwa na makaa machache. Nilitaka kupika sabuni siku hiyo. Zena alikuja mapema, nikampa. Akaondoka. Haukupita muda, nikamwona amesimama tena kwenye mlango wa jiko langu na kigae chake. Kaa limezima.

"Dada, nisamehe. Nilikuta mama wa pale chini anaumwa jino, nikamusikiliza."

Sikuinua kichwa. Nikamwambia, "Moto wangu si wa komini. Rudi kwako."

Komini ni ofisi ya serikali ya hapa, na yeye alidhani natania. Alisema, "Ehe, dada, leo tunaomba na karatasi?"

Nikarudia. "Rudi kwako, Zena. Nenda ukaombe jua."

Hapo akaelewa. Alimwaga lile kaa jeusi kutoka kwenye kigae. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, "Basi, haizuru. Nitapanda kule kwenye presse. Kule moto hauna mwenyewe." Presse ni mahali wanapokamulia mawese, juu kidogo, katikati ya michikichi. Walikuwa wanachemsha matunda kila asubuhi, moto haukosekani.

Njia ya kwenda huko sisi wanawake tulikuwa tumeiacha tangu mwezi wa nane. Wanaume walipanda kwa kundi. Nililijua hilo, naye alilijua. Niliuona mgongo wake ukipanda. Ningeita jina lake mara moja tu angerudi, kwa sababu hakuwa mtu wa kinyongo. Niliendelea kukoroga.

Jua lilikuwa limepanda kidogo tuliposikia risasi. Zilitoka juu, kwenye michikichi. Tukakimbia wote, wengine ziwani, wengine kwenye barabara ya kwenda Minago. Mimi nilijilaza kwenye matete pamoja na watu wengi. Hazikulia sana. Pakanyamaza, tukasubiri, tukaanza kurudi mmoja mmoja, kila mtu anahesabu wake.

Mume wa Zena alikuja kwangu ana mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Uani kwangu walikuwa wamekaa wanawake watano au sita.

"Shemeji, Zena alipita hapa leo?"

Ndugu msomaji, hili ndilo ninaloandikia. Kumnyima moto ni kosa, lakini kosa hilo ningeweza kulibeba. Nilitazama wale wanawake. Nikaona wataniuliza: alikwendaje huko juu na moto uko hapa? Nikasema:

"Hapana. Leo hakupita kwangu."

Yule mama wa jino, ambaye angenisuta, alikuwa amekimbilia Minago na hakurudi. Mwanamke mmoja akasema, "Labda alienda kufua." Mwingine akasema alimwona mtu mwenye kitenge kama chake akikimbia na watu wa Minago. Mume wake akawaacha watoto kwangu, akaenda ziwani na wanaume watatu. Walitembea kando ya maji, wakaangalia kwenye matete, wakauliza kwenye mitumbwi. Hakuna aliyetazama juu, kwa sababu watu wa presse walikuwa wametawanyika, na hapa chini hakuna mwingine aliyejua kuwa alipanda.

Saa sita nilijua. Saa nane nilijua. Nilikuwa nawapa watoto wake uji na nilijua. Mara mbili nilisimama niende kumwambia mtu, nikatafuta namna ya kusema bila kusema kila kitu, sikuipata, nikakaa. Kufika saa kumi askari walikuja, wakasema mtu asipande juu mpaka kesho.

Walimkuta siku ya pili, mchana, wale waliokwenda kukata matunda. Alikuwa mbali na mahali alipopigwa. Risasi ilikuwa imepita kwenye paja. Alikuwa amefunga mguu kwa kilemba chake, amejikokota kuteremka mpaka karibu na njia, akaegemea mti.

Mama aliyemwosha alitoka akakaa karibu nami. Alisema polepole, "Huyu hakufa haraka. Fundo alilifunga mara mbili. La kwanza lilikuwa limelegea." Hakujua anamwambia nani.

Mtu aliyeweza kufunga fundo mara mbili, mtu huyo angeweza kubebwa. Hospitali ya Rumonge haikuwa mbali hata kwa machela. Sisemi angepona. Sijui. Hiyo sijui ndiyo ninayolala nayo.

Kwenye matanga mume wake alisimama mbele ya watu akanishukuru. Alisema, "Huyu dada alikuwa anamupa Zena moto kila asubuhi, na siku ya shida alikaa na watoto wangu. Murakoze, shemeji." Watu wakageuka kunitazama kwa huruma. Nilifunika uso kwa nguo, wakafikiri nalia kwa uchungu wa jirani. Nilikuwa nalia, ndiyo. Lakini pia nilikuwa najificha.

Baada ya hapo yeye na watoto walivuka kwenda Tanzania, kambini. Mimi nilibaki. Nikawa natoa moto kwa kila mtu, hata asiyeomba. Nilipeleka mwenyewe kwenye milango. Watu wakasema vita vimewaharibu wengi lakini huyu mama vimemtengeneza. Nikasifiwa kanisani. Kila sifa ilikuwa inaongeza uongo mwingine juu ya ule wa kwanza, na kadiri ulivyokua ndivyo nilivyoogopa kuugusa.

Sabuni sikupika tena kwa miaka mingi. Nikianza kukoroga nakumbuka ile asubuhi, naona ule mgongo, naacha.

Vita vilipokwisha, mume wake alirudi. Alipata kipande chake cha ardhi si mbali na hapa. Miaka yote hii tunasalimiana barabarani. Yeye ananiita shemeji, mimi namwuliza watoto, anasema wazima, tunaachana. Nilikuwa na nafasi mia za kumwambia.

Mwezi uliopita alikuja kwa baiskeli, akaiegemeza ukutani, akakaa. Amezeeka. Alisema binti yake mkubwa ameolewa na maisha ni magumu, hawana mkaa, sabuni imekuwa bei, na amesikia nawafundisha wanawake.

"Nataka nikuletee, shemeji. Umufundishe kukaa na moto, na ile sabuni. Umusaidie vile ulikuwa unamusaidia mama yake."

Nikamwambia hapana. Akashangaa. Nikamwambia, "Zena alipita kwangu siku ile. Alipita mara mbili." Nikamweleza yote, tangu maneno ya jua mpaka ule uongo uani. Sikujitetea. Nilitaka kupiga magoti, akanizuia kwa mkono.

Halafu akauliza, "Alisimama wapi?"

Nikamwonyesha mlango wa jiko. Jiko ni lile lile, nilibadilisha mabati tu. Alikwenda akasimama pale, uso ndani, mimi nikiwa upande wa mafiga.

"Niambie vile ulimuambia."

"Baba, usinifanye hivyo."

"Niambie. Nataka kusikia vile yeye alisikia."

Nikasema. "Moto wangu si wa komini. Rudi kwako." Nilisema haraka, akaniambia nirudie vizuri. Nikarudia. Nikasema na lile la jua.

"Na yeye alisema nini?"

"Alisema, basi, haizuru."

Akatikisa kichwa, kama mtu anayemtambua mtu wake. "Ni yeye," akasema. "Alikuwa anasema hivyo."

Wasichana mnaokuja kwangu, na ninyi mnaosoma, nitawafundisha chungu cha moto, nitawafundisha majivu na mawese, hayo ni mema na yatawafaa mafuta yakikosekana. Lakini mtu akikuudhi, mpe moto kwanza, mgombane baadaye. Na ukishakosa, ukaulizwa mtu kapita wapi, sema. Sema hata kama aibu itakula nyama yako mbele ya watu. Aibu yangu ingekuwa ya siku moja. Nimeibeba tangu nina nywele nyeusi.

Hakusema kama amenisamehe, nami sikumwuliza. Alitoka jikoni, akazunguka nyumba, akashika ile njia ya kupanda kwenye michikichi, kwa miguu, peke yake. Nilimtazama mpaka akapotea kwenye miti. Kurudi, hakupita kwangu.

Saa kumi alituma mtu kuja kuchukua baiskeli. Mtu yule alinisalimia vizuri, akauliza habari za afya yangu, nikaona kwamba hakuambiwa kitu. Akapanda, akaenda.