Kodi ya Ghorofa ya Juu

Ujumbe uliingia kwenye simu ya mume wangu siku ile aliyopasuliwa tumbo. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya wodi, katika hospitali moja isiyo mbali na nyumba yetu ya kupanga hapa Sanyuanli, mtaa wa jiji la Guangzhou, China. Simu yake nilikuwa nayo mimi kwa sababu malipo yote ya matibabu yalipitia humo. Nikaufungua nikidhani hospitali inataka amana nyingine. Kumbe ulitoka mamlaka ya kodi ya India.

Mume wangu ni Mhindi wa Surat. Ameajiriwa na kampuni ya vitambaa ya huko kwao, na kazi yake hapa Guangzhou ni kuzunguka masoko ya vitambaa karibu na Kangle, akikagua rangi na uzito kabla mzigo haujafungwa. Mshahara wake unaingia benki ya India. Mimi nilitoka Morogoro kuja kusoma kwa ufadhili, tukakutana, tukaoana, tukapata binti. Mama yake hakuja harusini, na katika miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kuzungumza nami hata kwa simu.

Ujumbe ulihusu mwaka ambao kampuni ilimrudisha Surat, nami nikabaki hapa na mtoto nikimalizia shahada. Mwaka huo aliomba msamaha wa kodi kwa sehemu ya mshahara iitwayo posho ya pango. Nilisoma na kurudia hadi nikaelewa: mfanyakazi wa India anayeishi nyumba ya kupanga, na akalipa kweli, sehemu fulani ya posho hiyo haikatwi kodi. Asiyelipa pango, posho yote inakatwa. Sasa walitaka uthibitisho kwamba alilipa, na muda wa kujibu ulikuwa unakaribia kwisha.

Mwaka ule mume wangu aliishi kwa mama yake, ghorofa ya juu. Na ni yeye mwenyewe aliyewahi kunisimulia, tukiwa mezani, habari za wenzake ofisini wanaoandika kwamba wanawalipa mama zao pango, kumbe hawatoi hata senti. Siku hiyo tulicheka.

Sikuweza kumuuliza. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka ndani na usaha ukasambaa, homa haishuki, na kila nilipoinama kumsemesha alijibu kwa Kigujarati maneno nisiyoyaelewa, huku akitazama mahali pengine. Muuguzi akaniashiria nimwache apumzike.

Nikampigia mhasibu wa kampuni yao. Alikuwa mpole, lakini upole wake ulizidi kunitisha. Alisema kampuni iliandika tu alichotamka mfanyakazi, na ikigundulika kuwa pango ni la uongo, faini yaweza kuzidi kodi yenyewe. Nikamuuliza kama wanaweza kuzuia mshahara. Akasema hawezi kuahidi lolote, afadhali niongee na mwenye nyumba.

Mwenye nyumba alikuwa mama mkwe.

Nilitoka hadi kwenye ngazi. Nikatafuta namba yake kwenye simu ya mume wangu, nikabonyeza kwanza jina lisilo lake. Nilikuwa naogopa mambo mengi kwa pamoja: mume wangu kufa, mshahara kukatika hospitali ikidai, na yeye kupona tu akute kesi inamsubiri. Lakini wakati ule kilichonitisha zaidi ni sauti ya yule mama. Nitaanzaje kumuuliza mzazi kama mwanawe ni mwongo?

Nilijua kitu kimoja tu juu yake. Alizaliwa Tanga, akaondoka na wazazi wake akiwa bado anasoma shule. Alipopokea, Kiingereza changu chote kikanipotea.

"Shikamoo mama," nikasema.

Nikasikia sauti ya televisheni ikipunguzwa.

"Marahaba," akasema. "Wewe mke wa mtoto wangu. Kwa nini unapiga wewe?"

Nikamwambia ukweli. Nilisikia kitu kikianguka upande wake, kisha pumzi.

"Yuko hai?"

"Yuko hai, mama. Ana homa, lakini yuko hai."

Akataka kujua ni hospitali gani, nani yuko naye, mtoto kaachiwa nani. Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, kikisimama njiani kutafuta neno. Nilimjibu yote, mwishowe nikaona siwezi kuendelea kukwepa.

"Mama, nisamehe kwa nitakalouliza. Mwaka ule alipokuwa kwako, alikuwa anakulipa kodi?"

"Kodi? Hapana. Hajanilipa kodi hata siku moja."

Nilikaa kwenye ngazi. Basi ni kweli, nikajiambia, na yeye ni mmoja wao.

"Kodi analipa serikali," akaendelea kwa ukali. "Mimi serikali?"

"Namaanisha kodi ya nyumba, mama. Pango. Pango la ghorofa ya juu."

"Ah, pango. Pango alilipa kila mwezi, kwa benki. Mimi nilikataa, mtoto gani analipa kwa mama yake? Akasema bila hivyo atakuwa anadanganya serikali. Na mimi nikaandika kwa hesabu zangu, kwamba nimepata pango."

Nililia, naye akaniacha nilie. Nilipotulia akasema, "Hii ya kodi nitafanya mimi. Wewe kaa na yeye."

Alikwenda mwenyewe kwa mtu anayemtengenezea hesabu zake. Kosa lilikuwa dogo: namba yake ya mlipakodi ilikuwa imenakiliwa vibaya kwenye taarifa za kampuni, hivyo pango alilotangaza yeye halikuoana na lile alilodai mwanawe. Akanitumia taarifa za benki, nami nikaziwasilisha kwa kutumia simu ya mume wangu, roho juu kila ukurasa ulipochelewa kufunguka. Jibu la kukubaliwa lilikuja wiki kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa ameshapona na kurudi nyumbani, suruali zikimvuka kwa alivyokonda.

Siku hizi mama mkwe ananipigia mimi kwanza, ndipo mwanawe. Mwaka huu mume wangu amechagua utaratibu mwingine wa kodi unaoruhusiwa kwao, wenye viwango vya chini lakini usio na msamaha wa pango wala nafuu ya bima ya afya anayomlipia mama yake. Mama anasema ni ujinga, anatupa fedha. Wamegombana kwa simu juu ya jambo hilo mpaka nikaondoka chumbani. Mimi nipo upande wa mume wangu, maana hakuna tena pango la kuthibitisha, ingawa sijamwambia mama. Simu ikilia nikiwa peke yangu, bado naitazama kwanza kabla ya kuishika.