Barua ya Kampala na Sufuria Inayochemka

Chuo kimoja cha Kampala kilimwandikia binti yangu kwamba maisha yake yanachemka kwenye sufuria yao.

Sitanii. Kwa Kiingereza kabisa: "Your future is already boiling in our pot, only salt is remaining."

Sandrine alinitafsiria huku akirukaruka uani kwetu, mtaani Kabondo. Kumbe hiyo chumvi iliyobaki ni diploma yake ya Serikali, cheti cha kumaliza sekondari. Ile yenyewe, si kopi. Jumatatu kuna mtu ataipokea uwanja wa ndege wa Bangboka, apande nayo ndege.

Mimi ni fundi wa pikipiki. Shule niliiacha darasa la tano. Kiingereza changu kinaishia kwenye pakiti za spea.

Lakini nilisema: "Watu wa chuo hawaandiki hivi."

"Papa, tangu lini uko unajua Anglais?"

"Sijui. Ila najua mutu akinibembeleza."

Akalia. Akasema nataka azeeke akinipangia spana.

Iliniuma. Je, kama mimi ndiye niliyekosea, nimfungie mtoto mlango?

Nikaenda kwa Prof Évariste, jirani yetu, anayefundisha Kiingereza sebuleni kwake. Niliandika sentensi ile kwenye kipande cha katoni. Katoni ndogo, mwandiko wangu mkubwa kama wa mtoto. Nafasi ikaishia kwenye "pot". Nikaona inatosha.

Sikumwambia imetoka wapi.

"Prof, hii Kiingereza iko sawa? Mutu wa kweli anaweza kuiandika?"

Akaisoma, akacheka. "Ah, Papa Sandrine! Hii iko kali. Watu waliosoma sana ndio wanaandika hivi."

"Maisha kuchemka? Haitishi?"

"Mais non, haitishi! Maana yake yako karibu kuiva. Imebaki chumvi tu."

Nikaangalia katoni yangu. Mbele. Nyuma.

Chumvi haikuwepo.

"Prof, chumvi umeitoa wapi?"

"Ni... ni usemi tu, papa."

"Usemi wa Kampala, ao wa hapa sebuleni?"

Macho yake yakakimbilia kabatini. Ya kwangu yakayafuata.

Nililifungua kabati mwenyewe. Ndani ya bahasha moja mlikuwa na diploma nne za vijana wa mtaa. Ya juu kabisa: ya Sandrine.

Mtoto alikuwa ameshampa Prof asubuhi ile amtunzie hadi Jumatatu, akiogopa nitaificha.

"Papa, tuzungumze kama watu wazima," Évariste akasema.

"Zungumza na baba zao. Naenda kuwaita."

Nilitoka na bahasha kwapani. Nilipofika nyumbani, Sandrine aliiona diploma yake, akakaa chini palepale kwenye vumbi.

Nawe unayesoma hapa: ukiitilia shaka barua, usimuulize mtu kama imeandikwa vizuri. Mpe nusu, nyamaza, mwache aongee. Mwizi hawezi kuvumilia kazi yake isomwe nusu.